Kamera imeniona leo, bora isingeniona

Yaani mimi hapa kwangu Mbagala kila kikao cha Zoom nageuka kivuli. Bosi anauliza, "Mbona umejificha?" Nimejificha wapi na nimeoga, nimepaka mafuta, shati la kola juu na bukta chini kama kawaida. Kumbe nilikuwa nimelipa dirisha mgongo, na hizi kamera zina kiherehere, zikiona mwanga mkali nyuma yako zinafifisha picha nzima, basi majani ya mwembe wa jirani unayahesabu moja moja halafu mimi mwenye kikao nipo kama shahidi aliyefichwa sura kwenye taarifa ya habari.

Isiwe tabu, nikahamia chini ya tyubu laiti ya sebuleni. Sasa taa ikikukaa utosini upara unang'aa kama sufuria la shughuli na macho yanabaki mashimo mawili, dada wa uhasibu akanipa pole ya malaria, nikaipokea tu, ningesemaje.

Nikaenda Kariakoo nikanunua ile taa ya duara ya watu wa TikTok, 35,000 baada ya kubishana mpaka koo likakauka. Mguu mmoja mfupi, nikauwekea kandambili. Kuiwasha, kwenye miwani kila kioo kina duara jeupe, bundi kabisa! Nikainyanyua juu, nikaisogeza pembeni kidogo, maduara yakatoka, nikajisifu. Sasa jioni hiyo tuna kikao na wateja wa Marekani na mvua ndio imekatika, si unajua kumbikumbi na taa, walikuja ukoo mzima, mmoja akatua mdomoni nikiwa kwenye bei. Nikamtema. Huku kimya, kule kimya.

Ndio fundi simu wa hapa mtaani akaniambia bure kabisa: ligeukie dirisha, likiwa na jua kali tundika shuka jeupe mwanga ulainike. Nikatundika. Mama Zawadi kaja juu, "Baba Zawadi, shuka la wageni hilo!" Nikamwambia na mimi leo ni mgeni.

Kikao kikaanza, uso huu hapa, kila kitu kinaonekana mpaka kovu la tetekuwanga. Bosi kanisogelea kwenye kioo chake, "Loo, leo tumekuona! Kumbe umezeeka hivyo?"

Shuka nimeshalirudisha kabatini. Kesho dirisha nalipa mgongo.