Montana: Kijana Akijibu "Ndiyo", Nani Yupo?

Je, shule za Montana, jimbo la Marekani, ziwaulize wanafunzi wote waziwazi kama wamefikiria kujiua? Wanaotaka hivyo wana ushahidi. Utafiti wa mwaka 2005 katika sekondari sita za jimbo la New York, kwa wanafunzi 2,342, ulionyesha kwamba kuuliza hakuweki wazo hilo kichwani mwa kijana. Dodoso la ASQ, la kubaini hatari ya kujiua, lina maswali manne ya kuanzia, kazi ya muda mfupi sana. Na kwa jimbo ambalo kiwango chake cha kujiua ni takriban maradufu ya wastani wa Marekani, kukaa kimya si jibu.

Hata hivyo, mzazi wa kijijini anayesita kusaini fomu ya idhini si mshamba. Hofu yake inaanzia baada ya swali. Kijana akijibu "ndiyo" Ijumaa saa nane mchana, anahitajika siku hiyohiyo mtu mwenye mafunzo wa kukaa naye, kupima uzito wa hatari na kuandika naye mpango wa usalama. Hospitali ya watoto ya Shodair, inayotibu magonjwa ya akili, iko mji wa Helena. Kutoka Plentywood, karibu na mpaka wa Kanada, ni zaidi ya kilomita 700. Mnasihi asipokuwepo, kijana anaweza kuishia kwenye gari la polisi, kisha kitengo cha dharura kisicho na daktari wa akili wa watoto, halafu nyumbani, na miadi ya wiki kadhaa mbele. Akiulizwa tena atasema "hapana", na wenzake waliomwona akichukuliwa watasema hivyohivyo.

Tena mzazi ndiye mwenye ufunguo. Zaidi ya nusu ya vifo vya kujiua Montana huhusisha bunduki, na kilele cha hatari mara nyingi hupita upesi. Bunduki zifungiwe bila risasi, risasi zifungiwe kwingine, au zote zihamishiwe kwa ndugu kwa muda. Kinachoharibu mara nyingi ni namba ya sefu ambayo kijana anaijua tangu utotoni. Ibadilishwe jioni hiyohiyo. Haihitaji daktari.

Kwa hiyo idhini ya mzazi itangulie, pamoja na mazungumzo hayo ya kufuli. Ni kweli, fomu zisizorudi zitawaacha nje baadhi ya vijana, na yule ambaye hatari yake iko nyumbani lazima awe na njia nyingine ya kumfikia mnasihi. Namba 988, ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, hupokea simu na ujumbe usiku na mchana. Lakini shule isigawe dodoso kabla ya kuwa na watu wawili, hata mmoja akiwa kwa video, watakaoitikia siku ileile, na isiligawe Ijumaa.