Siku Niliyofunga Mkanda Ohio

Kosa si langu. Kosa ni la mwalimu wangu wa Kiingereza kule Tanga, aliyetuimbisha darasa zima "break, broke, broken" huku fimbo ikigonga meza. Basi nilipofika Columbus, Ohio, nikapata kazi ya kupanga maboksi ghalani, nikawasikia Wamarekani wazima, waliozaliwa humo humo, wakiishiwa pesa wanasema "I'm broke". Niliwasikitikia. Nikajisemea, hawa hawakuchapwa vya kutosha. Mimi hata nifulie vipi, sarufi yangu haifulii.

Na kufulia nilikuwa nafulia kweli. Tulilipwa kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, na kodi ya nyumba inadaiwa tarehe 1. Mwezi ule Ijumaa yangu iliangukia tarehe 4. Tena siku chache nyuma nilikuwa nimetuma hela ya mabati nyumbani, maana mama alipiga simu akasema mvua inamnyeshea kitandani. Ukiambiwa hivyo na mama yako unatuma kwanza, kufikiri baadaye.

Nikaamua nimwombe supavaiza advansi. Ila niombe kwa neno gani?

Mwalimu wangu wa lugha ya mtaani alikuwa mzee mmoja Mmarekani wa zamu ya usiku, nikimwita Babu. Pesa alikuwa hana, lakini majina ya kukosa pesa alikuwa nayo gunia zima. Leo yuko "in a pickle", yaani ndani ya achali. Hilo nililielewa papo hapo: sisi tukiishiwa tunachacha, wao wanatiwa kwenye siki, wote tumeharibika. Kesho yuko "behind the eight ball", kama mchezaji wa pool ambaye ule mpira mweusi nambari 8 umemkalia mbele, hana pa kupigia. Keshokutwa yuko "up the creek without a paddle", horini, yaani kwenye mkono wa maji, bila kafi ya kupigia. Hapo tulibishana. Nikamwambia, Babu, mtu wa pwani hakwami horini kwa kukosa kafi, anatia pondo, ule mti mrefu, anasukuma. Hori gani hilo pondo haligusi chini? Akanitazama weee, kisha akasema yeye hajawahi kupanda hata boti.

Usiku mmoja mashine ya kahawa ilimmezea dola yake ya mwisho. Akashusha pumzi: "I'm strapped for cash." Nikamuuliza, strap ndiyo nini? Akashika mkanda wa suruali yake.

Ndugu zangu, niliona mwanga. Mkanda! Baada ya vita vya Kagera, mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18, na wako wazee wetu wanaoapa kwamba miezi ile haijaisha mpaka leo. Kumbe Wamarekani nao wanafunga! Neno lina sarufi, lina heshima, na Mwalimu mwenyewe yumo ndani. Yale maneno mawili ya mwisho, "for cash", niliyaona pambo tu. Nikayaacha.

Jumatano nikabisha hodi ofisini kwa supavaiza, mama mmoja mpole mwenye picha za paka wake mezani. Nikaingia, nikarudishia mlango, maana mambo ya kuomba pesa hayataki mashahidi. Nikamsogelea. Nikashusha sauti, kama afanyavyo mtu aliyelelewa. Nikasema: "Madam, I am strapped."

Akabaki ananitumbulia macho. Nikaona hajanipata vizuri, kwa hiyo nikajipigapiga kiunoni, pale kwenye mkanda, chini ya koti. "Very strapped. I need money. Today."

Rangi ikamtoka usoni. Mikono yake ikaanza kupanda polepole hadi usawa wa masikio. Mimi nikajua imemwingia huruma, maana hata shangazi yangu akisikia msiba hushika kichwa vile vile. Nikamtuliza: asihofu, sitaki nyingi, dola 400 tu, na sitamwambia mtu yeyote.

Ofisi ile ni ya vioo. Aliyeona kutoka nje simjui, ila mlinzi aliingia kwa kishindo, akaniamuru ninyanyue mikono, akauliza nina kitu gani mwilini. "Sina kitu!" nikapiga kelele. "Ndicho kilichonileta hapa!"

Babu ndiye aliyeniokoa. Alikuja anahema, akasikia mkasa wote, akafunika uso kwa viganja. Kumbe kwao neno lile, likiwa na "for cash", ni ukata. Likisimama peke yake, mtaani maana yake ni kwamba umebeba bastola. Na mimi nilikuwa naionyesha ilipo.

Mlinzi akanitaka nitoe vilivyomo mifukoni, taratibu. Nikavuta mifuko yote miwili nje, vitambaa vikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Ikadondoka risiti ya kutuma pesa nyumbani, basi. Babu akaangua kicheko: "Hoover flag!" Eti miaka ya 1930, uchumi wao ulipoanguka, watu walimlaumu rais Herbert Hoover. Mfuko mtupu uliogeuzwa nje wakauita bendera ya Hoover, gazeti la kujifunikia usiku likawa blanketi la Hoover, na mitaa ya vibanda vya wasio na makazi ikaitwa Hooverville. Mlinzi naye akacheka. Supavaiza hakucheka, lakini angalau mikono aliishusha.

Advansi sikupata, kumbe pale haikuwepo. Babu alinikopesha dola 20, akazitoa wapi sijui. Mwenye nyumba akakubali kusubiri, na faini juu.

Ila kabla sijaruhusiwa kuondoka nilipewa fomu, nieleze kwa maneno yangu mwenyewe kwa nini niliingia ofisini. Neno la mkanda nilishaapa kutolitamka tena. Likabaki lile la kwao, nami nikaliandika kama nilivyofundishwa, limenyooka kabisa: "Because I was broken."

Kesho yake nikaitwa tena. Ofisi imepokea taarifa kwamba nimeumia kazini, inataka kujua nimevunjika wapi.