Kupokewa ni jambo moja, kuwekewa mikono ni jingine

Kila habari ikifika Mwanza kwamba kanisa fulani la Ulaya au Marekani limembariki mchungaji anayeishi na mwenzi wa jinsia yake, watu hubishana kama tuwakubali au tuwakatae. Swali hilo limebeba mambo matatu kwa mpigo: nani apokewe usharikani, nani ashiriki Meza ya Bwana, na nani awekewe mikono, yaani afanywe mchungaji.

Usukumani tofauti hiyo tunaijua vizuri kupitia ndoa za wake wengi. Mkutano wa Lambeth wa 1988, unaokusanya maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, uliruhusu Waanglikana kumbatiza mwenye wake wengi bila kumlazimisha kuwaacha, mradi aahidi kutoongeza mwingine na jumuiya yake iridhie. Lakini uchungaji haupati, maana 1 Timotheo 3:2 inataka askofu awe mume wa mke mmoja. Wanaopinga wachungaji wapenzi wa jinsia moja husimama hapo: kumnyima mtu daraja, yaani cheo cha uchungaji, si kumfukuza kanisani. Anayeiita hoja hiyo chuki tupu hajaisikiliza.

Kwenye Maandiko ubishi ni mkali zaidi. Biblia ya Kiswahili ya Union, 1 Wakorintho 6:9, inasema "wafiraji" na "walawiti". Kwa Kigiriki ni malakoi, yaani watu laini, na arsenokoitai, neno lililounganisha "mwanamume" na "kitanda". Wanaounga mkono husema la kwanza lina maana pana mno, na la pili ni adimu kiasi kwamba huenda lilihusu ukahaba au unyanyasaji wa vijana, si watu wazima wawili walioahidiana uaminifu. Wapinzani hujibu kwamba sehemu zote mbili za neno hilo zimo katika Mambo ya Walawi 20:13 kwa Kigiriki, na Paulo aliisoma Torati kwa lugha hiyo. Kwa maoni yangu jibu hili lina nguvu kuliko wanaounga mkono wanavyokiri. Linaloacha wazi ni kama Paulo aliwahi kufikiria uhusiano wa aina wanaoutetea.

Wanaounga mkono wana pia hoja ya Kilutheri hasa. Luther alikataa kuwalazimisha makasisi useja, kwa kuwa useja ni karama na si wote wanayo; basi, wanauliza, kwa nini mpenzi wa jinsia yake alazimishwe? Walutheri wa Marekani waliokutana Minneapolis mwaka 2009 walipiga kura 559 kwa 451 kuruhusu wachungaji walio katika uhusiano wa kudumu wa jinsia moja. Kanisa la Uingereza lilikuwa limeshika njia ya kati tangu 2005: kasisi aruhusiwe kuwa na mwenzi wa jinsia yake kisheria, lakini aahidi kujizuia na tendo la ndoa. Njia hiyo haijaridhisha upande wowote.

Kuna pia fedha, na tusione haya kuzitaja. Desemba 2006 maaskofu wa Kanisa Anglikana la Tanzania waliamua kutopokea misaada ya wale wa Kanisa la Episkopo, yaani Waanglikana wa Marekani, wanaokubali mambo haya. Msimamo wa aina hiyo una gharama: zahanati na ada za wanafunzi wa theolojia huguswa kabla ya mtu yeyote kubadili mafundisho. Angalau unaondoa shaka kwamba imani inanunuliwa.

Ninachokiogopa hapa kwetu ni minong'ono. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kujamiiana kinyume cha maumbile, kina kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30, kwa hiyo uvumi juu ya mchungaji ambaye hajaoa unaweza kumwangamiza kabla hajaulizwa lolote. Mwenye ugomvi naye juu ya kiwanja au sadaka hahitaji zaidi ya kunong'ona. Mchungaji mwenye nyumba ndogo akihamishiwa Ukerewe kimya kimya, huku mwingine akivuliwa joho kwa kushukiwa tu, hatuwezi kusema tunalinda utakatifu wa daraja.

1 Timotheo 5:19 inakataza kupokea mashtaka juu ya mzee, yaani kiongozi wa kanisa, bila mashahidi wawili au watatu. Basi baraza la wazee lidai mashtaka ya maandishi yenye sahihi, liwasikie mashahidi mmoja mmoja, limpe mtuhumiwa nafasi ya kujibu, liandike muhtasari na kuukabidhi kwa askofu peke yake. Jambo hilo lisisomwe kamwe kwenye matangazo ya Jumapili.