Nani Kaagiza Chipsi Mayai?

Nilijiunga na darasa la uigizaji nikidhani kuchekesha ni kukunja uso, kufunga suruali kwa kamba na kujaza mto tumboni. Mwalimu wetu akaanza na mlango. Kutwa nzima tukawa tunaingia, tunatoka, tunafunga. Ukichelewa kidogo tu, kicheko kimekufa, rudia. Alikuwa na mahaba ya ajabu na Georges Feydeau, Mfaransa aliyefariki mwaka 1921, bingwa wa komedi ambazo watu wawili wasiotakiwa kabisa kukutana ndio hao hao wanaopigana vikumbo sebuleni. Mume huku, hawara kule, mkwe anapiga hodi. Humo hakuna anayejaribu kumchekesha mtu. Kila mmoja anahangaika na lake mpaka jasho linamtoka.

Nusu ya pili ya mafunzo ilikuwa kuigiza papo kwa papo, na huko kanuni ni moja, mwalimu alisema imetoka kwa waigizaji wa Chicago: mwenzako akileta jambo, kubali, kisha ongeza. Akikwambia wewe ni ng'ombe, usibishe. Uliza utakamuliwa saa ngapi. Nilipomsimulia baba alicheka. Enzi za vikundi vya maigizo vya Muungano na TOT, akasema, watu walikubaliana kisa nyuma ya pazia, wakapanda jukwaani wakazozana bila karatasi. Na King Majuto, nani angethubutu kumpa maandishi akariri?

Basi siku ya onyesho la darasa mwalimu akaamua kuchanganya vyote viwili. Kisa: mume karudi ghafla kutoka safari, mke kamficha hawara kabatini, mengine tutayazua wenyewe. Hawara nilikuwa mimi, kifua wazi, kanga ya mke kiunoni, ndani nina bukta. Kabati lilikuwa la kuazima, linanuka dawa ya nondo, na ukishafungiwa kwa nje ndiyo basi tena. Nikatega jicho kwenye tundu la ufunguo. Ukumbini wazazi, shangazi, watoto wa jirani. Mwalimu mstari wa mbele na daftari lake.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumepamba moto, mlango wa jukwaa ukafunguka. Akaingia kijana kavaa helmeti, mfuko wa plastiki mkononi.

"Samahani wakuu, nani kaagiza chipsi mayai?"

Sisi tukajua mwalimu katutumia mtu atushtukize. Mwalimu, kama alivyotueleza baadaye, alijua ni sisi tuliompanga, akaandika "Safi sana!" akapigia mstari.

"Karibu, shemeji!" mke akadakia. "Aliyeagiza ni mume wangu."

"Ni mimi," mume akakubali, akapokea mfuko. "Umechelewa mpaka nimekonda."

"Elfu tano, bosi."

"Andika kwenye deni."

"Deni gani? Mimi hata sikujui!"

Ukumbi ukalipuka. Mke naye keshafungua mfuko, anatafuna.

"Dada, mbona unakula? Nilipeni kwanza!"

"Mlipe!" akapiga kelele mtoto mmoja huko nyuma.

"Usiwe na haraka, kaka yangu," mke akasema, mdomo umejaa. "Pesa zote ziko kabatini."

Nikasikia hatua zinakuja. Nikang'ang'ania mlango kwa ndani, yeye akavuta kwa nje, na bawaba, ambazo nazo zilikuwa zimeshachoka na maisha, zikaachia. Mlango, mimi na kanga yangu tukamwangukia.

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe ndiye unayeshika hela?"

Kubali, ongeza. "Ndiyo, mimi ndiye mhasibu. Njoo Jumatatu."

Akakamata pindo la kanga. "Basi hii inabaki rehani!"

Tukawa tunavutana, watu hoi. Ndipo nilipomwona macho kwa karibu. Pale darasani hatukuwa na mtu wa kuigiza hasira ile. Nikamnong'oneza, "Kaka, kwani wewe uko darasa gani?"

"Niliishia la saba!" akajibu kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Na hesabu najua! Elfu tano!"

Huku bado kashika kanga, akatoa simu kwa mkono wa pili akampigia mteja wake. Simu ikaita mstari wa mbele. Mwalimu, akijifuta machozi ya kicheko, akaipokea bila hata kuitazama.

"Haloo, niko kwenye onyesho, nipigie baadaye."

"Onyesho gani, mzee? Nimekuletea chipsi zako!"

Walikuwa wanasikiana hata bila simu. Mwalimu akainua kichwa taratibu, akamtazama kijana, akaitazama simu. Bibi mmoja pembeni akaomba maji ya kunywa.

Kumbe mwalimu alikuwa hajala tangu asubuhi. Akapanda jukwaani akalipa elfu tano, akaongezwa elfu moja ya kucheleweshwa, akalipa nayo. Akamsihi kijana arudi wiki ijayo atufundishe jinsi ya kudai. Kijana akauliza kwa siku wanatoa shilingi ngapi, akasikia jibu, akawasha pikipiki.

Mwalimu akafungua mfuko. Ndani vijiti viwili vya meno.

"Chipsi zangu ziko wapi?"

Mke akajifuta mafuta mdomoni. "Nilikubali, mwalimu. Halafu nikaongeza pilipili."