Watu 12 kwa siku 14: sharti la Google Play linambana nani?

Akaunti binafsi ya msanidi (mtengenezaji wa programu) iliyofunguliwa Google Play, duka la programu za simu za Android, baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haiwezi kupeleka programu moja kwa moja kwa umma. Kwanza yafanyike majaribio ya kundi maalumu lenye wajaribu wasiopungua 12, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo, ndipo msanidi aombe ruhusa ya kuiweka hadharani. Awali walitakiwa 20. Idadi ilipunguzwa Desemba 2024.

Google wana hoja. Programu za mikopo ya kitapeli zimewadhalilisha watu wengi huku kwetu, na ada ya dola 25 inayolipwa mara moja haimtishi tapeli. Kizuizi kinahitajika.

Ila wanaolilalamikia sharti hili huambiwa kwamba hawataki kujaribu kazi zao, na hilo si kweli. Kinachowashinda ni kuwashikilia watu 12 kwa wiki mbili. Kila mmoja awe na simu ya Android, anwani yake ya barua pepe iwemo kwenye orodha ya wajaribu, afungue kiungo kwa akaunti ileile ya Google, akubali kujiunga, kisha asijitoe. Walikuwa 12, mmoja akajitoa siku ya kumi? Sharti halijatimia, hata kama wale 11 wanaitumia programu kila siku. Rafiki aliyeona programu inamjazia nafasi akajitoa anaweza kukurudisha nyuma bila kujua.

Na akaunti za mashirika hazidaiwi sharti hili. Yaani kampuni yenye wafanyakazi wa kutosha kuunda kundi hilo haiulizwi, anaulizwa kijana anayeandika msimbo usiku baada ya kibarua. Tapeli naye hakwami, kwa kuwa wajaribu wa kukodi wanauzwa waziwazi mtandaoni. Sharti linalonunulika linamchuja asiye na pesa tu.

Apple, kwenye TestFlight, huduma yake ya kujaribu programu, haidai idadi ya chini. Inaruhusu hadi wajaribu 10,000 walio nje ya timu ya msanidi, na toleo la kwanza hukaguliwa kabla ya kuwafikia. Ni kweli uanachama wa msanidi kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, ghali kwa wengi, lakini ukaguzi wa programu yenyewe una maana kuliko kuhesabu vichwa. Google pia humuuliza msanidi anayeomba ruhusa wajaribu walisema nini na alirekebisha nini. Uzito ungewekwa hapo: watano walioripoti hitilafu zikarekebishwa wahesabiwe kuliko 12 waliojiunga wakanyamaza.

Kwa sasa, aliyeko kwenye foleni aalike watu wanaozidi 12 kwa kutosha, awaweke katika kundi la Google Groups ili asihangaike na anwani mojamoja, na akague orodha ya nchi katika mipangilio ya majaribio. Tanzania isipochaguliwa, mjaribu wa Mwanza ataambiwa programu haipatikani.