Ua la uani

Mwezi wa saba jua la Mwanza huchomoza saa moja kasoro dakika tano hivi. Saa hiyo nakuwa nimeshasimama uani kwangu, Igogo, simu mkononi na kanga begani, nasubiri mwanga uvuke jiwe la jirani uguse ua la boga, nilipige picha. Ua hilo halingoji mtu. Linafunguka alfajiri, nyuki wanaingia na kutoka, na mchana ukikolea limeshajikunja. Ukilichelewea kwa ajili ya chai, la kesho ni ua jingine.

Nikisema kiangazi, huenda msomaji wa Dar au Tanga anawaza Januari. Huku kwetu kiangazi ni Juni hadi Septemba. Masika yamekwisha, nyasi za milimani zimekauka, asubuhi unatafuta sweta na mchana unatafuta mti. Alasiri upepo unaingia kutoka Ziwa Victoria. Kufika Agosti, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hulifanya jua la jioni liwe jekundu kama pilipili iliyoiva, na hapo ndipo simu zetu zinapojaa picha.

Picha za nini? Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani, wakati wa machweo. Jiwe la Bismarck na mtumbwi ukipita. Jiwe la Bismarck na bwana harusi. Tangu Juni 2025 tumepata na daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, nalo limeshaingia kwenye orodha. Mimi pia ninazo picha hizo na sijutii kuzipiga, ni vitu vya fahari. Lakini mawe ya mji huu yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mjukuu wangu akitaka kuyapiga picha atayakuta palepale. Mkomamanga wa mama yangu hataukuta, na hakuna picha hata moja ya kumwonyesha.

Nieleze hili la mkomamanga, maana ndilo lililonianzisha.

Tulikulia Pasiansi, kwenye ua mkubwa wenye mchanga. Mama alikuwa na mkomamanga, mpera, mchaichai karibu na bomba, asumini iliyopanda ukutani, na uzio wa minyaa ambao tulikatazwa kuuvunja kwa sababu utomvu wake unaunguza macho. Jioni asumini ilinukia mpaka barabarani. Picha ya mama ya miaka ile ninayo moja tu. Ilipigwa studio mjini. Nyuma yake kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na mkono wake umeegemea chombo cha maua ya plastiki. Amependeza sana. Lakini kila nikiitazama naumia, kwa sababu mwanamke yule alikuwa na maua halisi nyumbani, aliyoyapanda na kuyamwagilia kwa mikono yake, na siku ya kupigwa picha akasimamishwa karibu na plastiki.

Simlaumu mpiga picha. Filamu ilikuwa na picha 36, kila picha ilikuwa fedha, na kusafisha ilikuwa fedha nyingine. Nani angepoteza picha moja kwa mti? Picha ilikuwa ya Krismasi, ya Idi, ya kipaimara, ya mgeni kutoka mbali. Leo ua ule umejengwa vyumba vya kupangisha, na palipobaki pamemwagwa saruji. Tukikutana ndugu wanne tunabishana mkomamanga ulikuwa wapi. Kaka yangu anaapa ulikuwa karibu na jiko. Mdogo wangu anasema hapana, ulikuwa upande wa choo, kwa sababu anakumbuka kuuogopa usiku. Watu wanne tuliokula matunda ya mti mmoja kwa miaka zaidi ya kumi hatukubaliani hata uliposimama.

Basi kisingizio cha filamu hatuna tena. Simu ya kawaida inabeba maelfu ya picha. Ndiyo maana nasema, na nasema kwa moyo wote: kabla hujashuka ziwani kulifuata jiwe, piga picha uani kwako. Kiswahili chenyewe kimeviita kwa jina moja, ua linalochanua na ua linalozunguka nyumba, kana kwamba wazee walijua viwili hivi huishi pamoja.

Ufundi wenyewe hauhitaji kamera ya gharama. Unahitaji kulijua jua lako. Saa ya Tanzania imepangwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mwanza tupo karibu nyuzi 33. Kwa hiyo jua letu halifiki katikati saa sita mchana. Mwezi wa saba linafika karibu saa saba. Wengi tunadhani saa nane mwanga umeanza kulainika, kumbe ni saa moja tu baada ya jua kuwa juu kabisa, na picha ya saa hiyo inatoka na majani meupe na vivuli vyeusi. Subiri saa kumi na moja. Na ukisubiri, usizubae, maana karibu na ikweta jua huzama wima. Likishagusa maji, dakika ishirini na kitu baadaye ni giza. Futa kioo cha kamera kwa ncha ya kanga, mafuta ya vidole yanaharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu. Kisha simama upande ambao jua liko nyuma ya jani. Jani la mgomba au la tembele likiangaziwa kwa nyuma linaonyesha kila mshipa.

Kuna jambo jingine ambalo picha zilinifundisha na sikuwahi kulifikiria nilipokuwa namwagilia tu. Mwanza iko kusini kidogo ya ikweta, kama nyuzi mbili na nusu, kwa hiyo Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Niliona kwenye picha zangu kwamba ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha karibu mita 1 kusini mwake hata mchana katikati. Mimi nilikuwa nimepanda nyanya hapohapo na kulalamika kwamba mbegu ni mbaya. Nikahamishia pale miche michanga na mchaichai, vitu vinavyoshukuru kivuli, nyanya nikazileta kaskazini. Na lile boga lililokuwa likiangusha maua nikadhani lina ugonjwa: nilipolipiga picha kwa karibu kila asubuhi niliona kwamba maua yanayoanguka yana kijiti chembamba tu chini yake, na yale yanayobaki yana kiboga kidogo kimeshajiumba. Ya kwanza ni madume, kazi yake ni chavua. Nilikuwa nimeshaambiwa ning'oe mmea mzima.

Udongo wetu wa vilimani ni luseni, mchanga uliotokana na mawe yenyewe kumeng'enyeka, na haushiki maji. Unamwaga ndoo, unageuka, pamekauka. Kiangazi mimi nalindia mizizi kwa matandazo ya nyasi kavu, naweka samadi iliyooza vizuri, na maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi ovyo nyumbani kwangu. Mchicha na chainizi vinataka kila siku. Mlonge hauombi kitu. Mshubiri unaota hata kwenye ufa wa jiwe.

Na mawe hayo yana wenyeji wao. Kama saa nne, jiwe likishapata moto, anatoka mjusi dume mwenye kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea na mwili wa buluu, anatikisa kichwa kama anayekubali mazungumzo. Wataalamu wamempa jina la Agama mwanzae, yaani amebeba jina la mji wetu duniani kote, nasi tunamrushia mawe. Watoto wa jirani walikuwa wakifanya hivyo. Niliwapa simu wampige picha badala yake, na sasa wananijia mbio kuniambia ameonekana wapi. Sijawahi kutumia simu vizuri zaidi ya siku hiyo.

Jiwe lenyewe kwetu ni uwanja wa kuanikia. Kiangazi ndicho msimu wa michembe, viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kukaushwa, na matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza. Kando kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na mlenda. Jirani yangu, mama wa makamo kutoka Magu, anavitandaza juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba zetu na kukaa na fimbo kufukuza kuku na mbuzi. Ukivitazama kwa juu, asubuhi, vipande vyeupe na vya manjano kwenye jiwe la kijivu, huoni picha nzuri kuliko hiyo katika mkoa huu. Nilimwendea, nikamsalimu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, mwanangu. Unapiga viazi au unanipiga mimi?”

“Viazi, mama. Na mikono yako ukiniruhusu.”

Aliruhusu mikono, uso akakataa, na sikuchukua uso. Hapa nina msimamo mkali. Pale Mwaloni, Kirumba, nimeona watu wakiwanyooshea kamera akina mama wa dagaa bila salamu, kama vile wanapiga picha vichanja. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, “Picha zangu unazipeleka wapi?” Swali la haki kabisa, na tangu siku hiyo picha ya mtu huwa naisafisha na kumrudishia nakala yake. Ya mikono yenye viazi ipo sasa kwenye ukuta wa sebule ya jirani yangu, juu ya redio.

Ziwa nalo silisusi. Usiku wa giza la mwezi, ninapokaa uani, naona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga majini utadhani mji mwingine umejengwa huko. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazipo, maana dagaa huvutwa kwa mwanga na mbalamwezi inaishinda taa. Lakini hata picha hizo nazipiga nikiwa nimeweka simu kwenye ukuta wa uani, jani la mpapai likiwa pembeni, ili siku moja mtu ajue zilitazamwa kutoka wapi.

Nimewahi kusoma kwamba mwaka 1843 mwanamke Mwingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu chenye picha za mwani. Hakutumia kamera. Alilaza mmea juu ya karatasi lililopakwa dawa, akaliacha juani, na jua lenyewe likachora umbo lake jeupe kwenye buluu. Mwanzoni kabisa mwa sanaa hii, basi, mtu aliona mmea unastahili. Sisi tumefikaje mahali ambapo mchicha wa mama zetu hauonekani kama kitu cha kupigwa picha?

Na nyua zinakwisha. Hili linanisumbua kuliko yote. Kila mtaa ninaopita, kuanzia Kitangiri hadi Buhongwa, watu wanang'oa miti na kutandaza pevingi. Nawaelewa wanaokimbia matope ya masika na wanaohitaji pa kuegesha gari. Lakini pevingi ukuta hadi ukuta inahifadhi joto mpaka usiku, na mvua ikinyesha maji hayana pa kuingia, yanateremka kwa jirani wa chini. Mji wetu umejengwa miteremkoni, kila tone tunalolikataa juu linamfikia mtu chini. Wacha hata mita mbili za udongo. Wacha shina moja. Na kama umeshaamua kufyeka, basi piga picha kwanza, pande zote nne, mti ukiwa umesimama na watu waliokula matunda yake wakiwa chini yake.

Mwezi wa sita mama alikuja kunitembelea. Nilimwonyesha picha za uani kwangu moja baada ya nyingine, akazitazama kimya, akivuta kwa vidole viwili kuona majani. Kisha nikamuuliza lile swali letu la siku zote, mkomamanga ulikuwa wapi. Akanijibu bila kufikiri: ulikuwa katikati ya jiko na choo, hatua saba kutoka mlangoni, alizihesabu alipokuwa akiupanda. Safari iliyofuata alikuja na kijiti cha mkomamanga kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, amekiomba kwa rafiki yake wa kanisani. Tulikichomeka kusini mwa ukuta, kwenye kivuli.

Kila Jumatatu nakipiga picha mahali palepale, saa ileile. Mwishoni mwa Septemba jua litavuka juu ya vichwa vyetu kuelekea kusini na kivuli hicho kitahama. Mimi nilitaka nikihamishe mapema. Mama kasema tusikiguse mpaka mvua ya kwanza. Jumatatu iliyopita kilikuwa na majani sita.