Chumvi Nilitia Mwenyewe

Wapendwa, najua wifi ameshawafikia na ile sauti yake ya dakika saba. Habari ni za kweli, ila pale anaposema mjomba alizimia, ametia chumvi. Na balaa lenyewe lilianzia kwenye chumvi.

Mwalimu wetu wa sabuni ya maji alisema wazi: slesi (ile malighafi inayoleta povu) kilo moja, chumvi nusu kilo, maji lita 20, tena ya mvua au ya bomba. Bomba letu hapa Kigamboni lilikuwa siku ya nne linakohoa upepo tu. Nikachota kisima cha jirani, kile ambacho ukipikia chai unaweza kuilia ugali. Nikajisemea, kwani sabuni inaonjwa? (Shikeni hapo.)

Ndoo haina alama, nikapima kwa jagi la lita moja huku nahesabu kwa sauti. Jagi la 13, mama akapiga simu kuuliza kama nimekula. Niliporudi nilikuwa la 16. Au la 12. Nikamimina tu.

Mnaopika sabuni mnajua: chumvi ndiyo inayoifanya iwe nzito, lakini ina kikomo. Ukizidisha, inalegea upya. Maji yangu yalikuja na chumvi yao kutoka chini huko. Nikaona sabuni inalegea, nikaongeza chumvi. Ikalegea zaidi, nikaongeza, na mwiko nakoroga kwa hasira. Rangi ya kijani nilikuwa sijanunua. Usiku povu likatulia, asubuhi nikakuta ndoo imejaa kitu cheupe, kiangavu, kinachomwagika kama maji. Nikakifunika, nikakisukuma karibu na mlango wa bafu, nikaenda kazini nimenuna.

Jioni mjomba akaingia kutoka Tanga. Ana mafua, hasikii harufu hata ya dagaa. Umeme umekatika. Magharibi imeadhiniwa.

Nafungua geti, mkononi nyanya, namwona uani amechuchumaa na kopo. Ananawa mikono. Inateleza. Anaitazama kwenye mwanga wa simu, anaisugua zaidi, anaongeza "maji". Povu linapanda hadi viwikoni. Mtu mwingine angesimama hapo, lakini mjomba wangu ni mtu wa subira. Akajaza kiganja. (Hapa nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Sikuitumia.) Akapeleka mdomoni. Shavu la kulia likajaa, likahamia la kushoto, likarudi kulia. Likasimama. Macho yakageuka polepole mpaka yakanifikia mlangoni.

Nilitaka kusema samahani. Wallahi nilitaka. Kilichotoka ni:

"Shikamoo mjomba!"

Na yeye, kwa malezi ya Tanga, hawezi kuacha shikamoo ya mtoto ikaanguka chini.

"Marahaba," akajibu, na kwenye ile "ba" ya mwisho likatoka puto la povu kubwa kama yai, likaning'inia mdomoni, likapaa, likapasuka kwenye kofia yake.

Ndipo wifi akatokea na tochi.

Mengine yalikwenda mbio: katoni ya maji ya chupa ikaisha kwa kusukutua, udhu ukaanza upya, jamaa wa msikitini wakamsubiri hawakumwona, mimi nikajifungia chumbani na nyanya zangu. Wifi kufika saa tatu alishalisambaza grupu zima la familia, likiwemo la upande wa mume wangu. Mnaonitumia vikatuni vya mapovu, nawaona.

Mjomba asubuhi kaamka pua imefunguka kabisa. Anasema ni sabuni ile, na anataka chupa mbili apeleke Tanga.

Zimebaki lita 15. Au 19. Njooni na madumu yenu, tutapimia hapa hapa.